Naomba ushauri: santuri ya The Sonics, kava limeniumiza

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mgonjwa wa bendi za gereji (zile za roki ghafi, yenye kelele) za Marekani za miaka ya 60. Juzi nimeletewa santuri ya kwanza ya The Sonics wa Tacoma, ile ya 1965, toleo lililochapwa upya. Kwenye sauti sina neno, ule ukali wao wote upo.

Shida ni kava. Ile picha ya bendi iliyopigwa na mpiga picha Jini Dellaccio, nyeusi na nyeupe, ndiyo iliyonitoa hela mfukoni. Kwenye hili langu sehemu za giza zimekuwa doa moja la wino. Tena kuna alama ya duara. Nikaifuta kwa kitambaa nikidhani vumbi, kumbe imechapwa! Yaani walipiga skani kava kuukuu la mtu, na mchubuko wa duara ulioachwa na santuri iliyokuwa ndani wakauacha humo humo. Muuzaji ananiambia "ndivyo zilivyo".

Kabla sijaagiza nyingine: mnatambuaje toleo lililotoka kwenye picha halisi, bila kulishika mkononi? Nimwombe muuzaji anipigie picha upande gani? Au nivumilie tu, maana nauli ya mzigo nayo si mchezo?