Wadudu wanatoboa suti na zulia, na nina kichanga ndani: nifanyeje?

Mama Kichanga
Wakuu, naombeni msaada. Nimetoa suti ya sufu ya mume wangu kabatini nikakuta matundu kwenye kola na kwapani. Sweta nayo hivyo hivyo, ila mashati ya pamba yaliyoning'inia pembeni yake ni mazima. Nikainua zulia chini ya kochi: sufu imelika mpaka kitakoni, na kuna vipunje vidogo kama mchanga. Jioni naona vipepeo vidogo vya rangi ya dhahabu. Nimeambiwa nijaze vidonge vya naftalini kila droo, lakini nguo za mtoto zimo humo humo na bado ni mchanga kabisa. Nifanyeje?

Dobi Mzoefu
Pole dada, na hongera kwa mtoto. Hao ni nondo wa nguo. Wanaoruka hawali kitu; wanaotafuna ni viwavi wao, na wanapenda gizani pasiposumbuliwa. Chakula chao ni vitu vya wanyama: sufu, hariri, manyoya. Pamba huiacha, labda iwe na jasho au mafuta ya chakula. Ndiyo maana kola na kwapa vimeanza kuliwa. Hivyo vipunje ni kinyesi chao, vitazame vizuri utaona vina rangi ya zulia lako.

Toa kila kitu kabatini. Piga brashi chini ya kola, kwenye mishono na ndani ya mifuko, maana mayai ni madogo mno kuyaona. Kinachohimili maji ya nyuzi joto 60 kifue. Suti ipeleke drai klina.

Mkongwe
Naftalini ndiyo dawa. Weka, funga kabati, sahau.

Nesi wa Zamu
Mkuu Mkongwe, kwa nyumba yenye kichanga napinga kabisa. Dada, usiweke.

Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha mwilini kinacholinda chembe nyekundu za damu. Ni wa kurithi, na kwa kumtazama mtoto huwezi kuujua. Mtoto wa namna hiyo akivuta mvuke wa naftalini, au akivalishwa nguo iliyokaa nayo, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Anapungukiwa damu, anapata manjano (ngozi na macho kuwa ya njano), na manjano makali huharibu ubongo. Kama kuna nguo au blanketi lake lililowahi kukaa na vidonge hivyo, lifue na ulianike nje mpaka harufu iishe kabisa ndipo alitumie. Ukiona macho yamekuwa ya njano, ananyonya kwa shida au mkojo umekuwa wa kahawia, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu mvuke huo huua wadudu ukijaa ndani ya chombo kilichozibwa. Kwenye droo ya kawaida unavuja, mnaovuta ni ninyi.

Mtandika Zulia
Zulia lifyonze vumbi juu na chini, kando ya ukuta na chini ya kochi, kisha mfuko wa mashine uutoe nje papo hapo. Rudia mara kwa mara, mayai mengine yataanguliwa baadaye. Ukikuta viwavi vya kahawia vyenye vinyweleo, hao ni watoto wa mbawakawa wa zulia, na usafi wake ni huo huo.

Sweta itie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, iweke friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka baridi iishe, isije ikalowa.

Mama Kichanga
Asanteni sana, naftalini sileti. Na vipande vya mwerezi au lavenda je?

Dobi Mzoefu
Harufu yake inaweza kuwafukuza kidogo ikiwa mbichi, lakini viwavi waliokwisha kuingia haiwaui. Safisha kwanza, nguo ikauke kabisa, ndipo uifunge kwenye mfuko wa zipu. Ukiifunga chafu umewafungia na chakula chao.

Nesi wa Zamu
Na za mtoto anza nazo leo, uzihamishie kabati lingine.