Je, serikali inalipa ruzuku ya maziwa kweli ama ni maneno ya steji?

mama_ndama (Bombo):
Salamu ndugu zangu. Nina ng'ombe wawili wa gredi, wakiwa sawa nakamua kama lita 17 kwa siku. Jana kwenye steji ya boda jamaa mmoja akaniambia serikali imeanza kulipa ruzuku, kila lita ukipeleka kituo cha kupozea unaongezewa kitu, eti nimpe elfu 50 aingize jina langu. Dawa ya kupe bei juu, chakula cha ng'ombe bei juu, na juzi maziwa ya jioni yaliganda kwenye jerikani nikamwaga yote, hiyo pesa ingenisaidia sana. Kuna mtu hapa amewahi kuipata?

baba_twins (Kasese):
Dada usimpe huyo hata mia! Uganda hakuna ruzuku ya kila lita. Kule Ulaya ndio serikali zinawalipa wafugaji moja kwa moja. Hapa kilichopo ni PDM (Parish Development Model), mpango wa serikali wa kuinua kaya maskini, ilizinduliwa 2022, kila parishi, yaani eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa, milioni 100 kwa mwaka, na kaya inapata milioni moja kupitia sacco ya parishi kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa hiyo ni mkopo, utarudisha. Unaingia kwanza kikundi cha wafugaji wa maziwa hapo kwenu, na kujiandikisha hakulipiwi. Ila jua ilipoanza ililenga zile kaya asilimia 39 zilizokuwa zikilima na kufuga kwa ajili ya kula tu, wewe na gredi wawili wanaweza kukuambia umeshatoka huko. Uliza parishi chifu mwenyewe, usipitie mtu wa katikati.

mchungaji_lyantonde:
Mimi hiyo PDM niliipata. Milioni moja hainunui ng'ombe wa maziwa aliyekomaa, tusidanganyane, nilichukua ndama jike chotara na iliyobaki nikapanda matete nyuma ya nyumba, sasa hivi yananifika kifuani na sinunui majani tena. Lakini mkopo haukulindi bei ikianguka. Machi 2023 Kenya walipozuia maziwa ya unga kuingia kwao, huku kwetu tuliumia vibaya, siku hizo mtu angeniongezea hata shilingi 200 kwa lita ningemwombea dua.

nyota_ya_busia:
@mchungaji_lyantonde pole kaka, ila mimi hiyo ya kwa lita siitaki hata wakiileta. Itawafikia wanaopeleka kwenye kituo peke yao, na huku wengi wetu tunauzia majirani na hoteli asubuhi kwa boda, hakuna karatasi wala risiti, nani atazihesabu hizo lita? Serikali iweke hela kwenye chanjo ya midomo na kwato na kwenye dawa ya kupe, maana karantini ikiwekwa tu soko la mifugo limekufa, huuzi hata ndume wa ada ya shule, na hapo mwenye ng'ombe mmoja na mwenye mia wote wanalia. Na mama ndama achana na jerikani ya plastiki, haioshiki vizuri ndani kwenye kona, ndio maana yanaganda. Tafuta kopo la alminiamu hata la lita 10 uliweke ndani ya karai la maji baridi.

mama_ndama:
Asanteni sana wote. Nimetoka kwa parishi chifu sasa hivi, hajui lolote kuhusu pesa ya lita. Kikundi cha maziwa kipo, wanakutana Jumamosi, nitaenda. Yule wa steji amenipigia mara mbili, sijashika.