Nitarekodije kipindi cha redio cha usiku kwa kompyuta ya nyumbani?

Mwalimu wa Umoja:
Hamjambo wanajukwaa. Ninaishi Umoja pamoja na baba yangu, ambaye macho yake siku hizi hayaoni vyema, na redio ndiyo mwenzake wa usiku. Kila Jumamosi husubiri kipindi cha zilipendwa kinachoanza saa tatu usiku, lakini usingizi humshinda kabla hakijafika nusu, na kesho yake huniuliza ni nyimbo zipi zilizopigwa baada ya yeye kulala. Ningependa kukirekodi chote kwenye kompyuta yangu ya mezani yenye Windows ili akisikilize Jumapili tukitoka kanisani. Nimejaribu mara mbili kupitia intaneti: mara ya kwanza mtandao ulikatika katikati, na mara ya pili stima ilipotea dakika chache kabla ya kipindi kwisha, na faili ya sauti ya aina ya M4A iliyobaki ikakataa kabisa kufunguka. Je, kuna njia iliyo imara zaidi?

Fundi wa Ngara:
Pole sana, Mwalimu. Faili ya M4A kwa kawaida huandikiwa fahirisi yake, yaani orodha ya mahali kila kipande cha sauti kilipo, mwishoni, wakati wa kufungwa. Kwa hiyo stima ikipotea kabla ya hapo, sauti huwa imo ndani ya diski lakini programu haijui ianze kuisoma wapi. MP3 imeundwa kwa vipande vidogo vinavyojitegemea, na hata ikikatwa ghafla, kilichokwisha kuandikwa huchezeka.

Lakini kwa kituo ambacho tayari kinasikika vizuri kwenye FM hapo nyumbani, sioni haja ya kutumia bando. Matangazo ya mtandaoni ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa, na bado utakuwa unautegemea mtandao usikatike. Nenda barabara ya Luthuli, Nairobi, ununue kebo ya milimita 3.5 yenye vichomeo pande zote mbili. Upande mmoja uingize kwenye tundu la hedifoni la redio, na wa pili kwenye tundu la buluu nyuma ya kompyuta. Usitumie la pinki, kwa kuwa hilo ni la maikrofoni na hukuza sauti sana, hivyo nyimbo zitatoka zikikwaruza. Kisha fungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, chagua tundu hilo kuwa chanzo cha sauti, na upandishe sauti ya redio polepole huku ukitazama vipimo: wimbo wenye kishindo ufike karibu na desibeli -6. Sifuri ndiyo kikomo cha juu; sauti ikiigonga, kilele chake hukatwa, na hakuna namna nzuri ya kuirudisha baadaye.

Audacity ina sehemu ya kupanga muda wa kurekodi. Andika 21:00, si 3:00, na uizuie kompyuta isilale. Tenga nafasi ya kutosha kwenye diski, kwa sababu kwa mipangilio yake ya kawaida hutumia takriban gigabaiti 1.3 kwa kila saa, nawe utageuza kuwa MP3 baada ya kumaliza.

Msikilizaji wa Kangemi:
Njia ya Fundi inafaa, ila mimi naona kidude cha USB chenye chipu ya RTL2832U kina faida kubwa zaidi. Kilitengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni, lakini tangu 2012 watu wengi wamekigeuza kuwa redio, na kompyuta yenyewe ndiyo inayochambua mawimbi. Kwa masafa ya FM, kila mkono wa antena uwe na urefu wa takriban sentimita 75, yaani robo ya wimbi la mita 3. Kiweke mbali na kompyuta kwa kebo ndefu ya USB, kwa kuwa kompyuta na chaja huchafua mawimbi. Angalia pia mpangilio wa kupunguza sauti nyembamba: kwetu ni mikrosekunde 50, na ukiachwa kwenye 75 ya Marekani, muziki utasikika umefifia.

Fundi wa Ngara:
Hayo ni kweli, nami ninacho kidude hicho. Hata hivyo, kwa kituo kimoja, usiku mmoja kwa wiki, redio na kebo zinatosha. Mwalimu ajaribu hizo kwanza.

Mwalimu wa Umoja:
Asanteni nyote. Nilinunua kebo, na mwanzoni kukawa na mvumo mzito chini ya kila wimbo, ambao ulitoweka nilipoichomoa redio kwenye umeme na kuitia betri. Jumamosi stima ilipotea tena, mnamo saa nne na dakika kumi. Iliporudi, Audacity iliniuliza kama nataka kurejesha kazi iliyokatika, nikakubali, na saa nzima na dakika kumi ikawa salama. Kilichopotea ni mwisho wa kipindi tu, na sasa natafuta betri ya akiba. Jumapili baba alisikiliza akiwa kimya hadi tulipofika kwenye wimbo wa tano, ambao ulipokwisha aliinua mkono na kuniomba niurudishe mwanzo. Tuliusikiliza mara tatu.