Tupeane uzoefu: siku za wiki za Kinorwe zilivyokuaibisha

Wakuu, salaam. Majina yenyewe hayasumbui kwa aliyesoma Kiingereza: mandag ni Monday, fredag ni Friday, ukisikia mara moja umeshika. Kinachotuchanganya ni namna wenyeji wanavyozihesabu. Naanza mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza Oslo nilikuwa natafuta kazi ya usafi. Jumatatu nikaonana na msimamizi, mzee mmoja mpole, akanipa mkono akasema turudiane "i dag om åtte dager". Neno kwa neno: leo baada ya siku nane. Nikatoka nahesabu vidole, Jumanne moja, Jumatano mbili, ya nane ikaangukia Jumanne ya wiki iliyofuata. Nikafika Jumanne hiyo asubuhi, shati limepigwa pasi. Mzee akanitazama, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akaweka kidole kwenye jana. Kumbe "siku nane" ni wiki moja tu, na leo imo ndani ya hesabu. Haya, nimeelewa. Lakini wiki mbili wanasema "fjorten dager", siku kumi na nne! Nane na nane zinakuwa kumi na nne, wala hakuna anayeshtuka. Kazi nilipata, ila kwingine.

Mama Watatu: Pole kaka, mimi ni namba za wiki. Ujumbe wa shule ulisema "uke 40", yaani wiki ya 40 ya mwaka, ni likizo. Nikajua wiki zina namba, nani huzifuata? Nikamvalisha mtoto koti la mvua, begi mgongoni, tukakuta geti limefungwa na uwanja mtupu. Nilipomwambia jirani alicheka hadi akashika ukuta. Huku hata fundi bomba anakuambia atakuja wiki ya 43.

Kibarua wa Leeds: Waingereza nao wana yao. Bosi aliniambia "Friday week". Nikadhani ni Ijumaa ya wiki hii, kumbe ni ile inayofuata baada ya hiyo. Niliingilia zamu ya watu, nikaomba radhi siku nzima.

Mpwani: Mleta mada, usiwacheke sana. Sisi tuna Jumatano, kesho yake Alhamisi, na zote mbili ni tano! Moja imehesabiwa kuanzia Jumamosi, nyingine ni tano ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Mnorwe niliyekuwa namfundisha Kiswahili aliniuliza ya sita imekwenda wapi. Nikamwambia tunywe kahawa kwanza.

Baba Nuru, Bergen: Jumatano mfanyakazi mwenzangu akanialika taco, chapati za Kimeksiko zenye nyama, "neste fredag", yaani Ijumaa ijayo. Watu wengi huku Ijumaa ni taco, wameipa hata jina, fredagstaco. Mimi Ijumaa ile ile nikabisha hodi na bakuli la sambusa. Mlango ukafunguliwa, mtu kavaa soksi za sufu na suruali ya kulalia. Alikusudia Ijumaa ya wiki ijayo. Aliona haya kuliko mimi, akatia pitsa ya friji kwenye oveni, tukala na sambusa. Tangu hapo nauliza: "nå på fredag", yaani Ijumaa hii hii, au "fredag i neste uke"? Wenyewe kwa wenyewe pia huulizana, nimewasikia.

Kibarua wa Leeds: Next Friday ya huku ni ugomvi uleule.

Dada wa Trondheim: Mimi napenda lørdag, yaani Jumamosi. Asili yake ni siku ya kuoga, tangu enzi za kale. Na Jumatano wanaiita lillelørdag, Jumamosi ndogo, kisingizio cha kutoka kidogo katikati ya wiki. Ila overmorgen ndiyo iliyonifurahisha: kesho kutwa kabisa, neno moja. Mtondo tu, siku inayofuata kesho kutwa, ndio hawana.

Mama Watatu: Jamani, uke 8 ni lini? Mwalimu ametuma tena.

Baba Nuru, Bergen: Februari, dada. Andika ukutani.