Skrinishoti za miongozo ya steshenari: mnatumia njia ipi, kompyuta au simu?

Steshenari_Kabwe (Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo pale Kabwe. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, vijana wanajaa hadi barazani, na kila mmoja anauliza lile lile: hapa nabonyeza wapi, namba ya malipo inatokea wapi, picha inakataa kupanda nifanyeje. Nataka niandae miongozo ya picha, hatua kwa hatua. Mingine niichape nibandike ukutani, mingine niirushe WhatsApp kwa walioko Chunya na Kyela wasichome nauli kuja kuuliza kitu cha dakika mbili.

Vifaa nilivyonavyo: kompyuta ya mezani yenye Windows 10, laptopu ya mdogo wangu yenye Windows 11, na Tecno yangu. Jirani yangu wa M-Pesa ana iPhone, huwa ananiazima. Mpaka sasa kijana wa kazi anapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu. Zinatoka na mistari mistari, na taa ya dukani inaonekana katikati ya fomu.

Naomba msinipe orodha za kwenye mitandao, nimeshazisoma. Nataka wanaoitumia kazi hii kila siku: njia ipi inasomeka ikichapwa, na ukurasa mrefu mnaukamataje wote? Bajeti ni sifuri.

---

FundiUyole (Mbeya)

Kaka, hiyo mistari haitaisha hata umpe kijana simu ya milioni mbili. Kioo kina vidoti vyake, kamera nayo ina vyake, vikikutana havilingani, ndipo unapata hayo mawimbi. Achana na kamera.

Kwenye Windows una vitu vitatu vya kujua, vingine ni mapambo:

Windows + PrtSc (kile kitufe cha Print Screen) inakamata kioo kizima na kuhifadhi faili moja kwa moja kwenye Pictures, folda ya Screenshots. Ipo tangu Windows 8.

Alt + PrtSc inakamata dirisha unalofanyia kazi tu. Haihifadhi faili, lazima uende kubandika kwa Ctrl + V.

Windows + Shift + S inakupa msalaba, unachora eneo unalotaka. Hii ndiyo yako. Mwongozo hauhitaji kioo kizima na saa na alama ya betri, unahitaji kile kisanduku anachotakiwa kujaza.

Kwenye laptopu nyingi PrtSc imebanwa na kazi nyingine, utabonyeza na Fn pamoja. Na kwenye Windows 11 usishangae PrtSc peke yake ikifungua Snipping Tool, programu ya Windows yenyewe ya kukamata kioo, walibadilisha 2023. Ukitaka ya zamani unaizima kwenye mipangilio ya kibodi.

---

mzee_wa_soweto (Mbeya)

PrtSc, fungua Word, bandika, chapa. Mnazidisha mambo.

---

binti_Kihesa (Iringa)

Mzee wangu shikamoo, ila ukibandika kioo kizima Word, maandishi yanakuwa madogo kama chawa, na atakayesoma ukutani ni mtu amesimama mita moja na mkoba begani. Halafu Word ina tabia ya kubana picha unapohifadhi. Nenda File, Options, Advanced, pale kwenye ubora wa picha weka alama ya kutobana. Tofauti utaiona kwenye karatasi.

Steshenari, mimi huandaa miongozo ya mafunzo hapa Iringa. Siri yangu haipo kwenye programu, ipo kabla ya kupiga: kuza ukurasa kwanza. Bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka asilimia 150 au zaidi, ndipo ukamate. Kioo cha laptopu nyingi za bei nafuu kina vidoti 1366 kwa upana. Ukivipanga vyote kwenye upana wa A4 iliyosimama vinatosha, herufi zinatoka safi ila ndogo. Sasa ukikata nusu ya kioo kisha ukaivuta ijaze upana ule ule, umebaki na vidoti nusu, na hapo ndipo watu wanaposema printa mbovu. Ukikuza kwenye kivinjari, herufi zinachorwa upya zikiwa kubwa. Ukivuta kwenye Word, unavuta ukungu.

Na hifadhi PNG, si JPG. JPG ilitengenezwa kwa picha za kamera. Kwenye maandishi inaacha uchafu pembeni ya kila herufi.

Programu: natumia Greenshot, ni ya bure kwenye Windows. Kinachonifurahisha ni vile vidude vya namba, unabofya inaweka 1, unabofya tena inaweka 2, yenyewe. ShareX nayo ni ya bure na ina nguvu zaidi, ila ina menyu nyingi mno, mtu mgeni atapotea humo. Kwa kijana wa dukani mpe Greenshot.

---

Mwl_Tukuyu (Rungwe)

Nakubaliana na binti kuhusu kukuza. Ila hoja yangu ni nyingine: walio wengi wanajaza fomu kwa simu. Ukiwaonyesha picha ya kompyuta, vitufe havipo mahali pale pale. Wanafunzi wangu wamechanganyikiwa hivyo hivyo, mwongozo unasema "menyu kushoto", yeye kwenye simu anaona vistari vitatu juu. Kwa ile ya WhatsApp, piga skrinishoti kwenye simu.

Android karibu zote: kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti, kwa pamoja, sekunde moja. Tecno, Infinix na Xiaomi nyingi zinakubali kuteremsha vidole vitatu kwenye kioo. Isipokubali, iwashe kwenye mipangilio, sehemu ya ishara za vidole. Samsung wana ya kupitisha ubavu wa kiganja. Ni nzuri kwa maonyesho, ila mikono ikiwa na baridi ya Julai ya huku kwetu, unapapasa mara tano inakubali moja.

iPhone za jirani yako: zisizo na kitufe cha mbele, bonyeza cha pembeni na cha kuongeza sauti. Zenye kitufe cha mbele, hicho na cha kuwasha.

Kuhusu ukurasa mrefu, simu imeizidi kompyuta. Android 12 kwenda juu, ukishapiga, chini kunatokea kitufe cha kuongeza, unashuka hadi unapotaka. Tecno na Samsung walikuwa na ya kwao hata kabla. iPhone inafanya hivyo kwenye Safari: gusa kile kipicha kidogo kinachotokea pembeni, chagua ukurasa mzima, kinahifadhiwa kama PDF.

Ukituma WhatsApp, tuma kama waraka, si kama picha. Ikienda kama picha inabanwa njiani.

---

mpakani_tunduma (Songwe)

> simu imeizidi kompyuta

Hapana mwalimu. Firefox: bofya kulia mahali patupu kwenye ukurasa, chagua Take Screenshot, halafu ukurasa mzima. Basi. Edge ni Ctrl + Shift + S. Chrome ndiyo inasumbua, uwezo upo ila wameuficha: Ctrl + Shift + I, kisha Ctrl + Shift + P, andika "screenshot", chagua ile ya "full size". Inatoka picha moja ndefu kama kanga, bila kuunganisha vipande.

Ila kwa ukutani usitumie ndefu. Utaichapaje?

---

FundiUyole (Mbeya)

Nimekumbuka kingine, na kwa kazi yako kinaweza kuwa bora kuliko vyote. Windows + R, andika psr, Enter. Inafungua Steps Recorder. Unaanzisha, unajaza fomu kawaida yako, na kila unapobofya inapiga picha yenyewe na kuandika chini umebofya nini. Ukimaliza inakupa faili la zip lenye hatua zote kwa mpangilio. Kwa kuanzia inashika picha 25 za mwisho, fomu ya mkopo ni ndefu hivyo ongeza hiyo namba kwenye mipangilio yake kabla hujaanza.

Ubaya wake: Microsoft wametangaza kwamba wanaiacha, kwa hiyo usijenge ofisi juu yake. Na maelezo yake ni ya kimashine, utaandika upya Kiswahili chako.

---

linux_iyunga (Mbeya)

Sisi wa Ubuntu kuanzia 22.04 ni PrtSc tu, inakuuliza eneo, dirisha au kioo kizima, hata video inarekodi. Wa Mac ni Command + Shift + 4. Naondoka, najua hamjaniuliza.

---

dada_Mafinga (Iringa)

Nimesoma yote, nashangaa hakuna aliyeuliza: utapiga picha fomu ya nani?

Nauliza kwa sababu nimeshaona kwenye mbao za steshenari. Mwongozo umebandikwa, mzuri, wa rangi, na ndani yake kuna jina kamili la mtoto wa watu, namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya NIDA tarakimu zote 20, na simu ya mama yake. Mtu kalipa achapiwe fomu, kageuzwa tangazo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata kama isingekuwepo, mteja wako akijiona ukutani harudi, na ndugu zake hawaji.

Wengi wanafikiri wameficha. Wanachora kwa ile kalamu ya kuangazia mara tatu nne juu ya namba. Hiyo wino wake unapitisha mwanga, mtu akiongeza mwangaza wa picha kwenye simu anasoma kila kitu. Kuweka ukungu (blur) nako hakutoshi, hasa kwenye namba, kilichofichwa kinaweza kukisiwa. Weka kisanduku cheusi kilichojaa, halafu hifadhi kama picha mpya.

Na kukata pembeni si lazima iwe kufuta. Ukikata picha ndani ya Word, kile kipande bado kimo ndani ya faili mpaka uagize kifutwe. Atakayepokea hiyo Word ataurudisha upande uliokatwa. Mwaka 2023 iligundulika kasoro kwenye simu za Google Pixel na kwenye Snipping Tool ya Windows 11: picha iliyokatwa na kuhifadhiwa juu ya ile ya mwanzo ilibaki na mabaki ya sehemu iliyokatwa, na wataalamu waliweza kuyafufua. Walirekebisha mwaka huo huo, ila zilizokwishatumwa kabla ya hapo zimekwenda hivyo hivyo.

Kingine: Snipping Tool ya Windows 11 inahifadhi kila unachokamata kwenye ile folda ya Screenshots, hata kama ulitaka kubandika tu. Ile ya Windows 10 haifanyi hivyo mpaka uhifadhi mwenyewe. Laptopu ya mdogo wako mwisho wa msimu itakuwa na fomu za nusu ya Mbeya. Futa kila jioni. Na kama umewasha historia ya kunakili, Windows + V, nayo ifute.

Msitumie zile programu zinazopandisha picha na kukupa kiungo cha kushiriki. Lightshot, kwa mfano, viungo vyake ni herufi chache tu, watu hukaa wanajaribu moja baada ya nyingine na kuangalia picha za wenzao.

---

Steshenari_Kabwe (Mbeya)

Dada asante, hilo la laptopu sikuwa nalo kabisa. Sasa fomu tupu nitaipataje? Mfumo hauruhusu kwenda ukurasa wa pili mpaka ujaze wa kwanza.

---

binti_Kihesa (Iringa)

Usijaze taarifa za uongo kwenye mfumo wa serikali ili upate picha, utajiletea balaa. Muombe kijana mmoja ruhusa, mpunguzie hela ya kuchapa, kamata yake, funika kila kinachomtambulisha kabla hajaondoka na mwonyeshe. Kiolezo kimoja kinatosha msimu mzima.

---

viazi_Makambako (Njombe)

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mnaofundisha watu skrinishoti, wafundisheni pia kutoziamini. Msimu wa viazi hapa mtu anakuja na lori, anapakia, anakuonyesha picha ya muamala kwenye simu: "nimeshatuma mama, mtandao unasuasua." Picha ina jina lako na kiasi sahihi. Salio lako halijasogea.

---

mpakani_tunduma (Songwe)

Si nje ya mada hata kidogo mama. Kwenye kompyuta, kubadili namba iliyo kwenye ukurasa kabla ya kuupiga picha ni kazi ya sekunde ishirini, bila programu yoyote. Angalia salio kwenye simu yako wewe, basi. Lori lisubiri.

Kwa upande wa pili, ukitaka picha yako iwe ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama itaangalia ulitengenezwaje na ulitunzwaje. Kwa hiyo usifute ujumbe wenyewe ukabaki na picha tu, na usiikate.

---

Mwl_Tukuyu (Rungwe)

Steshenari, nyongeza moja. Kwenye simu za Android, aplikesheni nyingi za benki, na hata Chrome ukiwa kwenye dirisha fiche, zinazuia skrinishoti. Unapata ujumbe wa kukataa au picha nyeusi. Wateja wakikuletea simu eti imeharibika, haijaharibika, ni ulinzi. Hatua za malipo ziandike kwa maneno.

---

Steshenari_Kabwe (Mbeya)

Nimejaribu leo mchana. Greenshot kwenye ile ya mezani, ukurasa nimekuza asilimia 150, PNG, namba nyekundu. Kwenye karatasi inasomeka hadi upande wa pili wa kaunta. Psr nimeiona, imenipa mpangilio wa hatua ila picha zake ni za kioo kizima, nimeitumia kama rasimu tu. Ya WhatsApp nimepiga kwenye Tecno. Visanduku vyeusi vimewekwa, kijana kaonyeshwa, kakubali.

Tatizo lililobaki: kurasa mbili zimetoka nyeusi tii, maandishi meupe. Zimekunywa wino mpaka karatasi imelowa.

---

FundiUyole (Mbeya)

Kivinjari kiko kwenye hali ya giza. Rudisha mwonekano mweupe kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya rangi, kisha kamata upya hizo mbili. Usijaribu kugeuza rangi kwenye picha, na nyekundu zako zitageuka.

---

mzee_wa_soweto (Mbeya)

Marahaba binti. Hiyo Greenshot naipata wapi?

---

binti_Kihesa (Iringa)

getgreenshot.org mzee. Usiipakue kwengine, kuna tovuti zinaipakia na takataka zake.