Roketi ya GSLV ya India: hatua ya kriojeniki ilizimika 2010, ikafaulu 2014. Nini hasa kilibadilishwa?

Mwanagenzi_Anga
Wakuu, naomba ufafanuzi. Aprili 15, 2010 GSLV-D3 iliruka kutoka Sriharikota, ikiwa ya kwanza kubeba hatua ya tatu ya kriojeniki (inayotumia haidrojeni na oksijeni zilizopozwa hadi kuwa kimiminika) iliyoundwa India yenyewe. Setilaiti ya GSAT-4 ikapotea. Januari 5, 2014 GSLV-D5 ikaifikisha GSAT-14 yenye kilo 1,982 kwenye mzingo bila shida, na injini ilikuwa ileile CE-7.5. Kila ninaposoma naambiwa tu "pampu ilirekebishwa". Pampu ipi? Na ule urushaji wa D5 ulioahirishwa Agosti 2013, nao ulikuwa kriojeniki?

Beringi
Mkuu, si pampu kuu. Upande wa haidrojeni kuna pampu mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni ndogo, pampu saidizi, na kazi yake ni kupandisha shinikizo kidogo tu kabla haidrojeni haijafika kwenye pampu kuu, ambayo huzunguka takriban mara 40,000 kwa dakika. Haidrojeni kimiminika ipo kwenye nyuzi -253, ukingoni kabisa mwa kuchemka. Pampu kuu ikiivuta bila msaada, inageuka mvuke palepale kwenye mabawa, na pampu iliyobaki na mapovu haisukumi kitu.

Data za D3 zilionyesha pampu saidizi ilianza vizuri ikafika mizunguko 34,800 kwa dakika. Hatua ya tatu ilipoanza, ikaendelea kwa sekunde 0.9, kasi ikaanza kushuka, na ndani ya sekunde 0.6 nyingine ikasimama. Injini kuu ilikuwa imeshawaka, lakini haidrojeni haikufika chemba ya mwako, kwa hiyo msukumo haukupanda.

ISRO, shirika la anga za juu la India, walitaja sababu mbili zinazowezekana: rota (sehemu ya pampu inayozunguka) kukamatwa penye sili mojawapo, yaani pete ya kuzuia uvujaji, au gamba la turbini kupasuka kwa shinikizo kupita kiasi pamoja na mkazo wa joto na baridi. Hili la kukamatwa linaeleweka ukipiga hesabu. Aluminiamu ikitoka joto la chumba hadi baridi ya haidrojeni husinyaa karibu asilimia 0.41, chuma cha pua karibu 0.30. Kwenye kipenyo cha milimita 100 hiyo ni tofauti ya milimita 0.11. Ukiunganisha metali mbili za namna hiyo, mwanya uliopimwa karakana ukiwa sawa kabisa unaweza kukutwa haupo kabisa pampu ikishapoa. Ndiyo maana kwenye D5 walibadilisha muundo wa pampu kuzingatia kusinyaa na kutanuka kwa beringi na gamba.

Ombwe
Nyongeza kwa Beringi. Pampu si jambo pekee. Mfuatano wa kuwasha nao ulibadilishwa, kwa injini kuu, kwa injini mbili ndogo za kuelekeza na kwa jenereta ya gesi.

CE-7.5 inafanya kazi kwa mwako wa hatua mbili. Haidrojeni nyingi huchomwa kwanza na oksijeni kidogo kwenye jenereta ya gesi, gesi hiyo huzungusha turbini, kisha yote huingia chemba kuu kumaliza kuungua. Hakuna kinachotupwa nje, na ndiyo siri ya msukumo mahususi (kipimo cha ufanisi wa injini) wa sekunde 454. Bei yake ni kwamba kila kitu kinategemeana: jenereta ikichelewa, turbini inachelewa, na chemba inapata mchanganyiko usiofaa.

Injini hii huwashwa mahali pasipo hewa. Kimiminika kinachoingia kwenye ombwe huchemka papo hapo na kujipoza chenyewe, hivyo jaribio la kuwasha penye hewa halikupi picha nzima. Kabla ya D5 injini ilijaribiwa kwenye kituo cha Mahendragiri, Tamil Nadu, kinachoiga hali ya anga za juu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa na uzito kuliko badiliko lolote la chuma.

Tangi_Safi
Kuhusu Agosti 19, 2013: hapana, kriojeniki haikuhusika. Hesabu ya kurudi nyuma ilisimamishwa zikiwa zimebaki dakika 74, baada ya mafuta kuonekana yanavuja kwenye hatua ya pili, ile inayotumia UH25, mafuta yasiyohitaji kupozwa. Tangi lilikuwa la aloi ya aluminiamu 7020, ambayo huingiwa na nyufa za kutu chini ya mkazo: unyevu na mkazo wa kudumu hufungua ufa polepole bila dalili za nje. Wakahamia aloi ya 2219.

Watu pia huchanganya D3 na GSLV-F06 ya Desemba 25, 2010. Ile ilikuwa na hatua ya kriojeniki ya Urusi na haikufika hata hatua ya tatu. Kifuniko cha chini cha hatua hiyo kilijikunja, viunganishi vya nyaya vikachomoka, amri za kompyuta hazikufika kwenye mitambo ya kuelekeza roketi. Kifuniko kilichobadilishwa kwenye D5, pamoja na kamera za kukitazama, vilitokana na hilo.

Mwanagenzi_Anga
Asanteni sana. Kwa hiyo tangu 2014 tatizo la kriojeniki limekwisha?

Beringi
La. Agosti 12, 2021 GSLV-F10 ilipoteza setilaiti ya EOS-03 kwenye hatua hiyohiyo, na pampu haikuwa chanzo. Vali ya kupunguza shinikizo ya tangi la haidrojeni ilivuja, tangi likakosa shinikizo la kutosha wakati wa kuwasha, na pampu saidizi ikakosa mtiririko unaofaa. Kilichoshukiwa ni sili laini ya vali kuharibika, pengine kwa uchafu au kwa mkazo wa jinsi vali ilivyofungwa, ukiongezwa na baridi. Tazama ukubwa wa vitu: hatua nzima iliyojaa haidrojeni na oksijeni inashindwa na pete ya sili.

Ukitaka kuona kwa nini tangi la haidrojeni ndilo linalosumbua, chukua mfano wa tani 12.5 za haidrojeni na oksijeni, uzigawanye kwa uwiano wa uzito wa oksijeni tano kwa haidrojeni moja. Unapata karibu tani 2.1 za haidrojeni na 10.4 za oksijeni. Kwa ujazo haidrojeni inachukua karibu mita za ujazo 29, oksijeni 9 tu.

Ombwe
Na usafishaji wa mabomba kabla ya kujaza ufanywe kwa heliamu. Nitrojeni huganda kwenye nyuzi -210, kwa hiyo ikibaki ndani ya bomba la haidrojeni inakuwa barafu na kwenda moja kwa moja kwenye vali.