Redio ya SW (masafa mafupi) ya safari, ngumu, isiyouliwa na chumvi: Sony ama Tecsun?

Kijana_Langoni
Assalam alaikum wakubwa. Nataka redio ya mkononi ya SW ya kwenda nayo safari, iwe ngumu na betri zake ziwe za dukani tu. Nimeona Tecsun PL-660, halafu kuna Sony ICF-SW7600GR imetumika iko Malindi. Bajeti elfu kumi na mbili mwisho. Ipi? Naondoka Amu (Lamu) wiki ijayo, jibuni haraka.

Bi_Shughuli
Safari ya wapi? Basi la Mombasa lina redio yake na dereva hapunguzi sauti hata umlilie.

MzeeKobe
Redio ni zile za zamani. Babu alikuwa na National ya mbao, tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walipoteka Voice of Kenya asubuhi, barazani kwetu watu walijaa mpaka kwa ngazi, kila mtu ataka kusikia BBC wasemaje, na babu hamruhusu mtu kugusa kile kifundo, akizungusha yeye mwenyewe polepole kama anakoroga uji. Vijana wa leo mnabonyeza tu.

FundiWaMkunguni
Tumjibu kijana. Zote mbili zinakula betri ndogo nne za AA na zote zina SSB, ile ya kusikiliza mazungumzo ya vyombo vya baharini. PL-660 inashika mpaka bendi ya marubani. Sony ni imara lakini haitengenezwi tena, antena ikivunjika utazunguka na hiyo redio mpaka uchoke, na antena ndiyo huvunjika kwanza. Lakini hujasema ni safari gani.

Kijana_Langoni
Safari ya kawaida tu.

Bi_Shughuli
Ya kawaida haihitaji SW mwanangu.

Kijana_Langoni
Haya, naenda dago, kambi ya wavuvi, upande wa Kiwayu na mashua ya ami yangu, wiki tatu. Mimi ni mpishi. Simu huko inashika unapopanda juu ya mchanga kisha inapotea.

FundiWaMkunguni
Sasa umesema. Maji si tatizo kubwa kama umande wa chumvi. Redio ikae ndani ya ndoo yenye kifuniko, betri zitoe kama huitumii, kila siku ipanguse na kitambaa cha maji matamu kilichokamuliwa. Chukua waya mwembamba mita saba hivi, upande mmoja ufunge juu kwa foromali, ule mti wa tanga, wa pili ubane kwa antena. Mchana jaribu bendi za mita 19 na 16, baada ya magharibi shuka mita 41 na 49. Na chaja ya sola iweke mbali, itakupigia kelele kama nyuki.

Kijana_Langoni
Shukran fundi. Na hiyo PL-660 nikitaka kuita watu tukipata shida baharini nabonyeza wapi?

FundiWaMkunguni
Kuita???

Bi_Shughuli
😂😂😂 yarabi

FundiWaMkunguni
Kijana hiyo inasikia tu, haisemi. SSB ni ya kusikilizia. Ya kuita ni VHF ya baharini, chaneli 16, nayo ile ya mkononi inafika maili chache ukiwa umekaa chini ndani ya mashua. Nani alikwambia hii inaita?

Kijana_Langoni
Hakuna aliyeniambia... mimi ndiye niliyemwambia mama. Alikataa kunipa radhi, mjomba wangu alipotea baharini, basi nikamwambia ami ananunuliwa redio ya kuitia msaada. Akakubali. Sikudanganya moja kwa moja, nilidhani zote ni redio. Na habari za hali ya hewa si zitatusaidia?

UstadhPwani
Radhi ya mama haitafutwi kwa urongo. Rudi ukamwambie.

Mnazi_Malindi
Ngojeni kidogo. Mwezi wa saba huu, kusi kama hii, nani anakwenda dago Kiwayu? Na juzi hapa hapa kuna mtu alitangaza Sony hiyo hiyo. Huyu ndiye muuzaji, anatupandishia bei na hadithi ya mama.

MzeeKobe
Ndani ya mikoko watu huenda kusi na kaskazi, wewe wa Malindi wajuaje. Sisi tumekwenda mpaka Kiunga

Mnazi_Malindi
Kiunga na kusi mzee? Kwa ndege?

Kijana_Langoni
Wallahi si mimi muuzaji! Huyo wa tangazo ndiye niliyempa rubuni, elfu nne.

Bi_Shughuli
Rubuni ikakurubuni wewe. Kwa hiyo ushanunua, watuuliza nini?

Kijana_Langoni
Sijanunua, nimetoa rubuni tu. Nimetumiwa picha. Sony ni Sony, na nikiiacha pesa hairudi. Ila kwenye kitundu cha betri springi moja ni ya kijani, yeye asema ni rangi ya kiwandani.

FundiWaMkunguni
Hiyo ni kutu ya betri iliyovuja. Kiwanda hakipaki springi moja kijani ikaacha tatu. Elfu nane zilizobaki nunua laifjaketi, redio yoyote ndogo ya kusikiliza taarabu itakutosha.

Kijana_Langoni
Laifjaketi mama akiiona atajua kuna hatari.

UstadhPwani
😐

Kijana_Langoni
Fundi, hiyo kutu nikiisugua na ndimu inatoka?

FundiWaMkunguni
Inatoka. Mpe mama namba ya ami yako kabla hujaondoka.